Shimo la Nne Kwenye Mahame

Jumatatu, 1 Novemba 1976. Igowole.

Ukungu tena mpaka jua lilipopanda. Vitalu vitatu vimepimwa, cha nne nusu. Kamba ilikatika. Mzee Sanga, dereva wetu, ameifunga kwa fundo lake ambalo halifunguki tena.

Nyasi zimerudi kuliko nilivyotegemea. Ni miaka miwili tu tangu watu wahamishwe kutoka kilima hiki kwenda kijiji kipya kule chini, na mteremko wote umefunikwa. Pale walipoacha mistari ya mabingobingo, nyasi zile ndefu za kupandwa, kukatiza mteremko, udongo umekaa. Pale walipolima kushuka moja kwa moja, kuna makorongo. Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa kutoka Mbeya: kujua mimea ipi inashika udongo na maji, na shamba lilimwe vipi, ili jua kali kama la miaka ile ya ukame lisitukute tena mikono mitupu.

Katikati ya kitalu cha nne palikuwa na mpichi mdogo, urefu wa goti. Nimeung'oa. Mpichi hupandwa. Si uoto uliorudi wenyewe. Ungeniharibia matokeo.

Sipendi mahame. Kuta zimebaki, mafiga yamebaki. Mchana nilikula nimekaa juu ya kinu kilichopasuka. Nikainuka, nikaenda kumalizia chakula kwenye gari.

Jumatano, 3 Novemba.

Tumeanza kuchimba mashimo ya kuangalia tabaka za udongo. Kibarua ni Yona, mtu wa kijiji kipya. Anachimba kama anayefukuzwa, na haangalii pembeni. Alizaliwa kwenye kilima hiki. Hajasema yeye. Kaniambia Mzee Sanga.

Shimo la kwanza, udongo mwekundu, mkavu, mgumu kama tofali. La pili liko chini ya mabingobingo. Niliukamata udongo kiganjani ukashikana. Una unyevu! Hapajanyesha tangu Mei. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Baadaye ukungu ulishuka ghafla, mchana kweupe. Nikasikia mtoto anakohoa. Kikohozi kirefu, kile cha kukata pumzi. Nikamwuliza Yona ni mtoto wa nani.

"Huku hakuna mtoto, Bibi Shamba," akasema. "Huku hakuna mtu."

Mbega, nadhani. Mbega wana sauti za ajabu.

Ijumaa, 5 Novemba.

Bwana Mkuu wa kituo chetu cha utafiti Mbeya amepiga simu hapa misheni ninapolala. Wageni kutoka wizarani watakuja mwezi ujao. Anataka shimo la nne liwe zuri kuliko yote kwa sababu liko karibu na barabara. Wageni wakiridhika, kilima chote kitakuwa chetu, shamba la majaribio, na hakuna atakayerudi kulima huko.

Nikamwambia mistari ya mabingobingo waliipanda watu. Akasema niandike kwamba ardhi imepona baada ya kupumzishwa. Wakubwa wanapenda maneno mafupi.

Sentensi si ya uongo. Ndiyo maana inanikera.

Jumatatu, 8 Novemba.

Kikohozi tena. Safari hii nilikuwa na Mzee Sanga ndani ya Landrover. Alizima injini, akasikiliza, akaiwasha. Tulipofika misheni alisema tu kwamba kesho atakuja na rozari yake.

Jumanne, 9 Novemba.

Niandike nimalize.

Shimo la nne. Katikati ya kitalu cha nne, kina cha kiuno. Yona alisimama, akabaki ameinama kama aliyeshikwa na mgongo. Nikadhani amegonga mzizi. Niliruka ndani.

Blanketi. Lenye mistari, limeoza pembeni. Ndani yake mifupa midogo. Kichwa kidogo. Kuna mtu alimlaza kwa ubavu, magoti yamekunjwa, kama mtoto anavyolala mwenyewe. Kichwa upande wa juu wa mteremko.

Mzee Sanga alivua kofia. Yona alitoka shimoni, akasema, "Hapa ni nyuma ya nyumba ya Mama Vaileti." Akaweka sepeto chini taratibu, akaondoka kwa miguu. Hakuomba ujira wake.

Niliitandaza kanga yangu juu ya blanketi. Tukarudisha udongo, mimi na Mzee Sanga, kwa mikono. Sepeto sikuiweza.

Nimeoga mara mbili. Siogopi mifupa. Nimeshika mifupa ya wanyama tangu chuoni. Naogopa kwamba nilikuwa napima juu yake.

Alhamisi, 11 Novemba.

Nimemweleza Bwana Mkuu kwenye simu. Akasema: fukia, chimba pengine, usimwambie mtu. Mambo ya uhamisho ni mambo mazito, wageni wanakuja, na wewe Atupele usiniletee balaa.

Nimekubali. Nilisema "ndiyo, Mkuu". Niliisikia sauti yangu ikisema.

Jioni sikula. Mzee Sanga alisimama mlangoni, akaniuliza kama kesho tunakwenda kuchimba au tunakwenda kijijini. Nikamwambia sijui. Akasema yeye gari ataliwasha, mimi nitamwambia kona.

Jumamosi, 13 Novemba.

Kijijini.

Nyumba zimepangwa safu kama meno. Udongo mwekundu mtupu, hakuna mti, vumbi linaingia mpaka kwenye ulezi. Mama Vaileti alikuwa anapepeta. Mwembamba, umri wangu hivi. Binti yake Vaileti alikuwa kisimani. Nikamsalimu kwa Kihehe changu cha kuokoteza, "Kamwene." Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta.

Sikujua pa kuanzia. Nikasema mimi ndiye niliyechimba nyuma ya nyumba yake ya zamani.

Ungo ulisimama.

Mtoto anaitwa Betweli. Alikuwa na kifaduro. Alikohoa wiki nzima mpaka midomo inakuwa myeusi, na mgambo walikuwa wameshasema malori yanakuja alfajiri. Alikufa jioni ile. Majirani walikuwa wanafunga mizigo na kuteremsha mapaa ya nyumba. Baba yake alikuwa Iringa mjini kwenye useremala. Mama Vaileti alichimba mwenyewe, kwa jembe, mpaka giza likamzuia. Asubuhi akapakiwa kwenye lori na Vaileti na kuku.

Kifaduro. Mimi sikuwa nimemwambia habari ya kikohozi. Sijamwambia bado. Sitamwambia.

"Nilimzikia kokwa ya pichi juu juu, upande wa kichwa," alisema. "Alipenda sana pichi. Nilitaka nikirudi nisipapoteze."

Nikamwambia mpichi uliota. Nikamwambia niliung'oa mimi.

Hakulia. Hakunitukana. Aliinua ungo akaendelea kupepeta, na mimi nikakaa pale kwenye kigoda chake, ulezi unaruka unarudi, unaruka unarudi. Heri angenipiga.

Jumapili, 14 Novemba.

Nimerudi kwa Mama Vaileti. Nilijua asipotaka kuniona atanifukuza. Hakunifukuza.

Nikamwuliza anataka nini kifanyike. Anataka Betweli asomewe sala. Hakusomewa. Lakini bila baba wa mtoto, yeye hapandi kilimani. Gaitani, mumewe, alipofika kutoka Iringa alikuta kijiji kimehama na mtoto hayupo. Akataka kuonyeshwa kaburi. Mwenyekiti wa kijiji akakataa, amri ilikuwa hakuna kurudi kwenye mahame. Gaitani akamgeukia mkewe. Akamwambia amemtupa mtoto porini kama mbwa. Akarudi Mlandege, mtaa wake wa Iringa mjini, na hajaja tena. Analeta hela ya sabuni kupitia watu.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nilishamwambia, hakunisikia."

Jumamosi, 20 Novemba. Iringa.

Mlandege. Tuliuliza kwenye karakana mbili, ya tatu ndiyo. Fundi Gaitani, mtu mrefu, masikio yamejaa unga wa mbao. Alikuwa anapiga randa mlango. Niliposema natoka Igowole kwa mkewe hakusimamisha randa. Niliposema Betweli, ikasimama.

Nikamweleza yote, pamoja na mpichi. Sikujitetea.

"Ulimwona?" akauliza.

"Nilimwona."

"Mimi baba yake sijamwona. Umemwona wewe."

Mafundi wengine waliacha kazi wakatoka nje, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kuvuta sigara.

Kisha akauliza alivyokuwa amelala. Nikamwambia. Kwa ubavu, magoti yamekunjwa. Blanketi limemzunguka mpaka kichwani, limekunjwa chini ya miguu ili lisifunuke. Kichwa upande wa juu, maji yasimwingie. Kaburi limekwenda chini mpaka kiunoni, na udongo wa pale ni mgumu ukishapita tabaka la juu. Mtu aliyechimba vile kwa jembe alichimba mpaka mikono ikachanika.

"Kumbe alimlaza," akasema.

"Alimlaza vizuri, fundi."

Alikaa chini kwenye maranda. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mtu mzima. Nilitazama mlango aliokuwa anatengeneza. Nilikuwa na hasira. Si naye. Sijui na nani.

Jumatano, 24 Novemba. Igowole.

Gaitani amefika. Yuko kwa mkewe. Vaileti hakumkumbuka vizuri, alimwamkia kama mgeni.

Mwenyekiti wa kijiji amekataa wapande kaburini. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa, nikanywa chai yake. Si mtu mbaya. Anaogopa. Anasema akiruhusu mmoja, kesho watapanda wote na majembe, na wakubwa watamwuliza yeye. Kwenye mahame wanaruhusiwa watu wa mradi peke yao.

Tukiwa njiani Mzee Sanga alirudia: watu wa mradi peke yao. Akanitazama kwenye kioo.

Ijumaa, 26 Novemba.

Nimewaandikisha vibarua. Gaitani, Mama Vaileti, na katekista wa kijiji. Siku moja, Jumatano ijayo. Kazi: kusafisha kitalu cha nne. Katekista alicheka nilipomwambia atalipwa, akasema hela hiyo itakwenda kwenye mishumaa.

Naogopa. Lakini nalala.

Jumatatu, 29 Novemba.

Bwana Mkuu kwenye simu. Wageni wamebadili ratiba kwa sababu ya mvua zinazokuja. Wanafika keshokutwa.

Keshokutwa ni Jumatano.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia Gaitani tusogeze mbele. Ningemkuta, kijiji si mbali. Nilikaa nimeshika simu iliyokatwa mpaka sista akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa zamani kidogo.

Sisogezi.

Jumatano, 1 Desemba.

Imekwisha.

Walipanda asubuhi, ukungu ukiwa bado. Mama Vaileti alitangulia. Hakuhitaji mpichi. Alipita kwenye uwazi uliokuwa mlango wake, akazunguka nyuma, akasimama penyewe hasa. Gaitani alipiga magoti akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo, akaviacha hapo muda mrefu. Vaileti aliletwa pia. Alishika gauni la mama yake, halafu shati la baba yake.

Gaitani aliniuliza jambo moja. Udongo huu ni mzuri? Nikamwambia ndio bora kuliko wote kilimani. Juu ni mweusi, una maji, umejaa mizizi ya mabingobingo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za nyumbani.

Katekista alikuwa katikati ya sala niliposikia magari.

Wageni watatu, wa mbele kavaa kaunda suti na kofia pana. Bwana Mkuu nyuma yao anakuja mbio mbio, uso umemshuka. Alinivuta kiwiko. Akauliza kwa sauti ya chini hawa ni akina nani.

Nilikuwa na jibu tayari. Vibarua. Watu wa mradi. Lilikuwa mdomoni kabisa.

"Wenye shamba," nikasema. Kwa sauti. Wote walisikia.

Katekista hakukatisha. Yule wa kaunda suti alivua kofia, nadhani kwa mazoea tu, na wengine wakamfuata. Tukasimama wote mpaka amina. Baadaye akaniuliza kaburi la nani, tangu lini. Nikamwambia. Uso wake haukubadilika. Akauliza habari za mistari ya nyasi. Nikaeleza mbele ya Bwana Mkuu: udongo huu haukukaa kwa sababu watu waliondoka. Ulikaa kwa sababu kabla ya kuondoka waliupandia. Pasipo na mistari, hata baada ya miaka miwili ya kupumzika, umekwenda mtoni. Nikamwonyesha korongo. Mtu angeweza kusimama ndani asionekane.

Alisema asante. Wakaenda kunywa chai misheni. Mimi sikualikwa.

Jumatatu, 6 Desemba. Mbeya.

Nimeondolewa kwenye mradi. Kuanzia leo niko stoo ya mbegu, nachagua mbegu za marejea, mmea wa kurutubisha udongo, na za maharage, nzima huku, zilizoliwa na wadudu kule. Bwana Mkuu hakunipigia kelele. Alisema nimechoka.

Taarifa imeshachapwa, kwa jina la mwenzangu. Niliiona mezani. Ardhi imepona baada ya kupumzishwa. Mistari ya mabingobingo imo, ukurasa wa ndani, aya moja. Watu waliopanda hawamo.

Kilima hawakupewa. Wamechagua mteremko mwingine upande wa Mgololo. Wanasema kule hakuna mahame.

Nani ameangalia?

Ijumaa, 10 Desemba.

Vijana wa mafunzo wanachimba mashimo nyuma ya kituo. Napita njia ya mbali. Nikiona udongo umeinuka kidogo, popote, nasimama. Jana nilisimama kwenye bustani ya posta, watu wakanipita.

Kikohozi nimekisikia stoo, kati ya magunia. Sijidanganyi tena na mbega. Nilikaa kimya mpaka kikaisha, kama unavyokaa na mtoto mgonjwa. Haikuwa hofu. Ilikuwa huzuni, nzito, haina pa kwenda.

Jumamosi, 18 Desemba.

Mzee Sanga amepita stoo kuchukua mbegu. Alinunua chai kwa mama wa getini, tukanywa tumekaa juu ya magunia.

Gaitani hakurudi Mlandege. Yuko kijijini, ametengeneza mlango wa kwanza wa mbao katika safu yao, na majirani wote wanataka wa kwao. Asubuhi mapema yeye na mkewe wanapanda kilimani na majembe. Mwenyekiti anawaona. Anageuka kumwita mbuzi. Sasa kuna wengine wawili wanaopanda, na Yona ni mmoja wao. Wanalima kati ya mistari, hawajaing'oa hata mmoja. Kitalu cha nne wamekiacha na nyasi zake.

Nikamwuliza kama Mama Vaileti ameniulizia.

"Hajauliza," akasema. Mzee Sanga hasemi uongo wa kumfurahisha mtu. Akamaliza chai. "Ila alinipa mahindi mabichi ya kuchoma njiani, akasema ya watu wawili."

Mahindi ya mwanzo kabisa, ya bondeni. Tuliyachoma pale pale nyuma ya stoo. Nilikula nikilia na sikujificha.

Jumapili, 2 Januari 1977. Tukuyu.

Niko kwa mama tangu juzi. Mvua kila siku, kama kawaida ya huku. Baada ya kanisa ilikatika kidogo, tukaingia kwenye maharage chini ya migomba. Mama mbele, mimi nyuma. Hatuongei sana tukilima.

Nilimwuliza bibi alizikwa wapi hasa. Alifariki nikiwa bwenini na sikuwahi kuuliza. Mama hakusimama. Alinyoosha jembe kuelekea migomba mikubwa karibu na mfereji.

"Pale. Na babu yako pembeni. Na dada yako, aliyekutangulia."

Sikujua kama nilikuwa na dada. Nikamwuliza jina. Jina lake Tumwitike, akasema. Aliishi masika moja. Alisema hivyo tu, akarudi kwenye mstari wake.

Tulipofika kwenye migomba ile mama aliweka jembe chini, akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu kwa mkono. Nami nikapiga magoti upande wa pili. Udongo mweusi, laini, unakubali vidole. Tukapalilia tukielekeana mpaka tukakutana katikati.

Jioni ndizi na maharage. Mvua imeanza tena juu ya bati. Mama ameshalala.